Mwanafunzi wa Mia na Ishirini

Usiku wa jana, nikiwa nimelala upande wangu wa ukutani, sina homa wala sijala chochote cha ajabu, niliota Barua imekuja kijijini kwetu kwa miguu.

Nianze na hali halisi, mtu asije akadhani yote ni ndoto. Barua ipo kweli. Ililetwa mwezi wa sita na pikipiki ya kata, ikasema shule yoyote ya msingi yenye watoto chini ya mia na ishirini itafungwa, na watoto watapelekwa shule ya jirani. Sisi Idunyasi jirani yetu ni Lihogola, ng'ambo ya mto Mfwizi. Ni mwendo wa saa mbili kwa mguu wa mtu mzima, na daraja lenyewe ni magogo mawili ya paina. Daftarini tuna majina mia na ishirini kamili. Ila mmoja anaumwa siku nyingi, na wilaya wamesema wanahesabu vichwa, si majina.

Kijiji kilikataa. Tukaunda Kamati ya Kuitetea Shule, na mimi nikachaguliwa mwenyekiti. Nisijisifu, nilichaguliwa kwa sababu mimi ndiye mwenye spika. Nina spika mbili kubwa na jenereta, huwa nazikodisha kwenye harusi, na mkutano bila spika huku kwetu ni watu kusimama tu kwenye baridi. Lakini kazi nilipoishika niliishika. Nimehutubia mara sita. Nimesema takwimu zimepikwa. Nimesema mzazi atakayekubali shule ifungwe asinisalimie. Watu walinipigia makofi, na mkutano wa nne akina mama wawili walilia.

Watu wa wilaya walikuwa waje leo asubuhi kuhesabu. Ndiyo hali niliyolala nayo.

Sasa katika ndoto Barua imeketi meza kuu, uwanjani pa shule. Imekunjwa mara tatu, kwa hiyo haiwezi kukaa wima, na mtu ameiwekea mto mgongoni. Naisogelea. Inaniitikia vizuri, inauliza habari za nyumbani, inauliza viazi vimekubali mwaka huu au vipi. Nashangaa kidogo, maana nilikuwa nimejiandaa kugombana.

"Mwenyekiti, mimi sina ubaya na mtu," inasema Barua. "Niliandikwa tu. Najua namba moja, na hiyo ndiyo nimekuja kuisubiri."

Nyuma yake wamesimama mafundi wawili wenye ovaroli. Nauliza hao ni wa nini. Barua inasema ni wafungaji, na wameanza na vitu vidogo vidogo ili wasipoteze muda. Naangalia, na kweli, ile rimu ya lori tunayoigonga kama kengele wameshaiviringisha blanketi na kuilaza kwenye mkokoteni. Kivuli cha darasa la pili wamekifunga kwa kamba ya katani. Sasa wanaukunja uwanja wa mpira kuanzia goli la juu, kama watu wanaokunja shuka, mmoja huku na mmoja kule, wanakutana katikati, wanarudi. Watu walioko uwanjani wanasogea kuwapisha.

Nashika maikrofoni. Nasema takwimu zimepikwa. Barua inasema sawa, basi tuhesabu.

Anayehesabu ni Daftari la Mahudhurio. Limevaa jalada la gazeti la zamani, na linasoma kama mtu aliyechoka kurudia jambo lile lile. Linaita jina, mtoto anaitika, linaita jingine. Linafika mia na kumi na tisa, linapumzika, linalamba kidole.

"Amebaki mmoja," linasema. "Editha Mahenge."

Hakuna anayeitika. Editha Mahenge ni binti yangu. Ana miaka tisa, yuko darasa la tatu.

Nasema kama nilivyosema siku zote, kwamba mtoto ana pumu, yuko mjini kwa shangazi yake karibu na hospitali, daktari amemkataza baridi ya huku. Nalisema vizuri, nimeshalizoea. Watu wanatikisa kichwa kwa huruma kama siku zote. Barua inageuza mto wake, inaangalia nyuma ya mkutano.

"Pumu, hebu simama," inasema.

Anasimama bwana mmoja mwembamba mwenye koti refu, aliyekuja na kiti chake mwenyewe. Anapumua kwa shida. Anaomba radhi kwa kuchelewa, anasema kile kilima cha zahanati si mchezo.

"Mtoto huyo simfahamu," anasema Pumu. "Kijiji hiki nina watu wangu wanne, nawajua kwa majina na vitanda vyao. Kwa Mahenge sijawahi kukanyaga."

Kisha anakaa. Hakuna anayenizomea. Nilitamani wazomee, maana kuzomewa nimezoea, kwenye harusi spika zikikorofisha huwa nazomewa. Wananiangalia tu. Bibi Atuganile, jirani yetu, ambaye alituletea chupa ya asali ili Editha achanganyiwe na tangawizi, anauliza taratibu kama chupa yake imeshaisha arudishiwe. Asali ile niliilia mkate mwenyewe, siku tatu.

Hapa itabidi niseme ukweli, kwa kuwa ndotoni nimeshausema wote bila kutaka, na kwa spika mbili. Editha hana pumu. Yuko shule ya Kiingereza mjini, ya bweni, tangu mwezi wa nne. Nilimpeleka kwa sababu siku moja pale mjini bwana mmoja mwenye miwani alinisemesha Kiingereza mbele ya watu, nami nikacheka kwa sauti kana kwamba nimeelewa, na kumbe alikuwa ananiuliza njia. Nikasema mwanangu hatapata aibu hiyo. Lakini nilikuwa nimeshachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, ile ya kabla ya Barua, na mwenyekiti hawezi kuonekana anatoa mtoto shuleni. Ndiyo nikaleta pumu. Akija likizo namwambia akikutana na watu njiani akohoe. Anakohoa vizuri sana, ana akili yule mtoto.

Ilipokuja Barua, watu waliniomba nimlete kwa siku moja tu ya kuhesabiwa, wakamfunge mablanketi mawili. Nikawaambia daktari amekataa. Kwa hiyo kwa miezi mitatu nilisimama juu ya meza nikiitetea shule, na aliyekuwa anaifunga ni mimi.

Spika zinazimika, na najikuta sebuleni kwangu. Sijatembea. Niko mbele ya runinga.

"Mwenyekiti, nitue hii runinga," inasema sauti kutoka chini ya kitambaa.

Ni Dawati. Nalijua, kwa hiyo sishtuki, ila sitaki kuliangalia.

Kwetu Idunyasi mtoto wa kwanza wa nyumba akianza shule, baba yake anapeleka dawati. Si amri ya serikali, ni ya kwetu. Linatengenezwa la kukaa watoto wawili, mmoja wako na mmoja wa mwenzako, na fundi anaandika jina la nyumba chini ya ubao kwa msumari wa moto. Likishaingia darasani halitoki tena. La babu yangu mpaka leo liko darasa la tano, mguu mmoja umefungwa waya. Mimi langu nililitoa. Nililitoa Jumapili moja watu wako kanisani, nikalibeba kichwani kupitia mashamba ya viazi, na mke wangu Skola alivyorudi nikamwambia shule imepata madawati ya chuma, haya ya mbao wanagawa. Nikaweka runinga juu yake na kufunika kitambaa cha kufuma, ule mfereji wa penseli usionekane. Nilijiambia mbao ni zangu, nilizinunua mwenyewe.

"Nimebeba taarifa ya habari miezi mitano," linasema Dawati. "Sikutengenezwa kwa habari. Twende."

Naitua runinga. Dawati linanyoosha miguu yake minne, inalia, kisha linatoka mlangoni kiubavu kama kinavyotoka kitanda. Nalifuata, maana ndotoni huwezi kukaa nyumbani dawati lako linaondoka. Tunatafuta njia ya shule, lakini kwa kuwa uwanja umekunjwa, njia ya shule imekunjwa nao. Imebaki njia moja tu, ya Lihogola, na wamo watoto wote mia na kumi na tisa wameshaanza kutembea. Mvua inanyesha, mvua nzito ya mwezi wa pili.

Dawati linapiga magoti ili nipande. Napanda. Hapo ndipo ninapoona nimekuwa mdogo, miguu yangu haifiki chini, na nimevaa tai ya ile shule ya mjini. Nimekaa upande wa kushoto. Upande wa kulia hakuna mtu.

Kando yangu anatembea Vumilia, mjukuu wa Bibi Atuganile. Huyu ndiye aliyekuwa anakaa na Editha. Amebeba tofali kichwani, amelishika kwa mkono mmoja, na kandambili zake zinateleza. Namuuliza tofali la nini. Anasema ni kiti chake.

"Tangu lini?" nauliza.

"Tangu dawati lilipopotea," anasema Vumilia. Halafu kwa kuwa ana adabu anaongeza, "Shikamoo, baba."

Naliangalia lile tofali. Nalo linajieleza lenyewe.

"Mimi nilichomwa niwe ukuta," linasema Tofali. "Tanuri lile mlilijenga wazazi wote, na wewe ulikuwepo, ulileta kuni. Habari za kukaliwa sikuambiwa. Ila mtoto alikuwa anaandika amesimama."

Namwambia Vumilia apande, nafasi ipo. Anaiangalia ile nafasi ya kulia, iliyo kavu na mvua yote ile, na anakataa.

"Ile ni ya Editha," anasema. "Akipona atakuta mtu amekaa. Huwa tunamwombea kabla ya uji."

Nimeshaona aibu nyingi katika kazi ya spika. Niliwahi kuanguka na meza mbele ya bibi harusi. Hii haikufanana na yoyote. Nilitaka kushuka nitembee, lakini Dawati likaniambia nikae, kwani kukaa ndiko nilikotaka.

Tunafika mtoni. Mfwizi umejaa. Watoto wadogo wanapita kwenye magogo kwa magoti na viganja, daftari wameng'ata kwa meno. Ng'ambo Barua imesimama chini ya mwavuli inawahesabu wanaofika. Kiatu kimoja cha mtoto wa darasa la kwanza kinachomoka, kinaanguka majini. Kinasema samahani, kitatangulia. Hatukioni tena. Mwenye kiatu anakiangalia kinavyokwenda, kisha anaendelea kutambaa, maana nyuma yake kuna wengine.

Naiuliza Barua kama imekiona. Inasema imekiona, lakini viatu haikuambiwa ihesabu.

Dawati ni pana, magogo hayalipitishi, kwa hiyo linateremka ndani ya maji. Matope mekundu ya ukingoni yanalishika miguu mpaka magotini. Linavuta mguu mmoja, wa pili, wa tatu. Mimi juu sijaloa hata tai. Vumilia anapita kwenye gogo, tofali kichwani, hatua moja moja, anahesabu kwa sauti ya chini. Nafumba macho. Nikiyafumbua amekwisha fika, anafuta tofali lake kwa sketi.

Na Lihogola kumbe ni Idunyasi. Tukipanda ukingo tu tunaingia darasa la tatu, lile lile la kwetu, dirisha moja lina kioo na moja lina gunia. Wafungaji wawili wako mlangoni na kamba, wameuegemea ukuta, wanasubiri kwa ustaarabu. Vumilia anaweka tofali chini, anakaa. Mimi niko kwenye dawati langu, katikati, peke yangu.

Anaingia Mwalimu Tweve, mwalimu mkuu wetu, mama wa miaka hamsini hivi mwenye sweta la kijani. Anafungua Daftari. Anaita majina. Akifika kwa Editha anainua macho, ananiangalia mimi.

"Editha Mahenge."

Nataka kusema nipo. Ni neno dogo, mtoto wa darasa la kwanza analiweza. Nikisema nipo wanatimia mia na ishirini, wafungaji wanaondoka na kamba yao, Vumilia habebi tofali mtoni. Nafungua mdomo, na kinachotoka ni kikohozi. Nakohoa vizuri sana. Nakohoa kama nilivyomfundisha.

Mwalimu Tweve anasubiri nimalize.

"Nimemwandikia hayupo mara themanini na tisa," anasema. "Nimeandika kwa penseli, na sikukandamiza, ili akirudi nifute. Leo ni siku ya tisini, Mwenyekiti, na mtoto akifika hapo anaondolewa shuleni. Leo inabidi niandike kwa wino."

Namwomba asubiri. Namwambia dawati nitalirudisha, nitasema lilikuwa kwa fundi.

"Nilikuona ukilitoa," anasema. "Ile Jumapili nilikuwa dirishani, nasahihisha."

Nauliza kwa nini hakusema. Miezi yote hiyo alikaa mstari wa mbele mikutanoni kwangu, na kila nilipomaliza alipiga makofi.

"Ningesema, watu wasingekuja tena kwenye mkutano," anasema Mwalimu Tweve. "Walikuwa wamekuamini wewe. Nikaona heri nikae nayo mwenyewe mpaka utakapochoka."

Kumbe kushikwa si kitu. Kinachoumiza ni kugundua ulishashikwa zamani, na aliyekushika amekusitiri, tena ni mtu ambaye wewe hukuona shule yake inamfaa mwanao. Nilitamani wafungaji waanze na mimi, wanikunje, waniweke kwenye mkokoteni pamoja na ile rimu. Niliwaambia hivyo. Mmoja akasema mimi simo kwenye orodha.

Mwalimu anafungua kalamu ya wino. Anailaza kwenye karatasi. Nasikia kabisa ikigusa.

Nikaamka. Kulikuwa kunakucha, dirisha lina ukungu, na Skola hakuwepo kitandani. Nilikuwa nakohoa kweli, mpaka machozi. Nikakaa kitako, nikajiambia ndoto ni ndoto, na leo nina hotuba.

"Baba Editha," Skola akaita kutoka sebuleni. "Hebu njoo uone."

Alikuwa ameinama na fagio mkononi. Runinga ilikuwa mahali pake. Kitambaa cha kufuma kilikuwa mahali pake. Lakini chini, miguu yote minne ya dawati ilikuwa na matope mekundu mpaka magotini, mabichi, na kwenye saruji niliyoipiga mwenyewe kulikuwa na vidimbwi vinne vidogo vya maji. Mvua ya mwisho kijijini kwetu ilinyesha mwezi wa tano.

Skola aliyagusa kwa kidole, akanusa. Akasema haya ni matope ya mtoni.

"Dawati hili umelipeleka wapi?" aliuliza.

"Sikulipeleka," nikasema. "Nafikiri lilikuwa linajaribu kurudi."

Akanyooka, akaniangalia. Nikamwambia hawakuwa wanagawa madawati. Nikamwambia na ile Jumapili, na lile tofali. Nilitegemea atanigombeza, maana Skola akianza huwa hamalizi upesi. Badala yake aliliegemeza fagio ukutani. Aliiondoa runinga akaiweka chini, akakikunja kitambaa chake, akashika dawati upande mmoja, akasubiri nishike upande wa pili.

Editha alitoka chumbani amevaa sare ya mjini na tai yake, begi liko tayari, maana likizo yake fupi, ambayo safari hii nilimficha ndani, ilikuwa imeisha na nilikuwa nimpeleke stendi kabla hao wa wilaya hawajafika. Akaliona dawati limevuliwa kitambaa. Akapitisha kidole kwenye ule mfereji wa penseli.

"Tunalipeleka kwa Vumilia?" akauliza.

Nikamwambia avue tai. Nikamuuliza sare yake ya zamani iko wapi, akasema imekuwa fupi, nikamwambia avae hivyo hivyo.

Tulitoka nje, mimi na Skola tumelibeba, Editha yuko mbele, magoti yote nje kwa baridi. Kulikuwa kumeshakucha kabisa, na barabara ilikuwa imejaa watu wanaokwenda kuhesabiwa, wamevaa nguo za kanisani. Jina letu lilikuwa chini ya ubao, na kwa jinsi tulivyolibeba kila mtu aliweza kulisoma. Watu walitupisha njia. Wa kwanza kutukaribia alikuwa Bibi Atuganile, amemshika Vumilia mkono.

Editha alipowaona akasimama, akaweka ngumi mdomoni kama nilivyomfundisha, akaanza kukohoa.

Nikamwambia aache. Nikamwambia leo asikohoe.